Kusimama Si Ushahidi

Liko neno moja ambalo mtu hulisikia kila mahali penye jengo la shaka, daraja la shaka au gari la shaka, nalo ni hili: "Mbona limesimama miaka yote hii?" Mwenye kulisema hulisema kwa kujiamini, kama mtu aliyemleta shahidi wa mwisho barazani, na wenzake hunyamaza. Mimi sitanyamaza. Neno hilo limewaua watu wengi, maana laufanya ufa uonekane uzima, na siku zilizopita zionekane kuwa dhamana ya siku ijayo. Shauri langu ni moja tu: kitu kinachobeba maisha ya watu hakiwezi kujishuhudia chenyewe kwa kusimama. Na kipimwe kingali kizima, kwa njia zisizokivunja, kisha hao wanaokaa chini yake waambiwe kilichoonekana.

Najua nitajibiwa upesi kwamba kupima kitu pasipo kukivunja ni elimu ya kigeni, ya wenye viwanda vikubwa. Si kweli. Mama aendaye sokoni kununua chungu hakinunui kwa macho peke yake. Hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kikilia kwa sauti ndefu iliyo safi, hutoa fedha. Kikilia kwa sauti fupi yenye mkwaruzo, hukirudisha chini, hata kama hakuna mstari wowote unaoonekana. Anunuaye nazi huitikisa karibu na sikio. Mwashi mzoefu huchukua matofali mawili ya kuchoma, akayagonganisha, akajua kwa mlio wake kama moto wa tanuri uliyafikia moyoni. Hakuna hata mmoja wao aliyevunja chungu, nazi wala tofali ili apate habari zake. Elimu ninayoitetea hapa ni hiyo hiyo, iliyopewa masikio makali zaidi. Ajabu ni kwamba sisi tunaokipima chungu cha fedha kidogo hatumwulizi mtu habari za nguzo za darasa wanamokaa watoto wetu themanini.

Kwanza yafaa tufahamu namna chuma kinavyokufa, kwa kuwa hapo ndipo wale wasemao "limesimama" wanapokosa. Wengi hudhani chuma huvunjika kwa sababu moja tu, yaani kuzidiwa na mzigo. Basi huhesabu hivi: mzigo wa leo si mkubwa kuliko wa jana, na jana hakikuvunjika, kwa hiyo leo pia hakitavunjika. Hesabu hiyo ni nyepesi kichwani, nayo ni ya uongo. Twaa kipande cha waya, ukikunje mara moja, hakikatiki. Kikunje na kukikunjua mara ishirini mahali pale pale, nacho kitakatika, wala mkono wako haukuongeza nguvu. Mafundi husema kwamba chuma kimechoka. Kikipindwa na kuachiliwa mara elfu nyingi, hata kwa kiasi kidogo kisichoonekana, ufa mwembamba huanza penye kasoro, kisha husogea unywele kwa unywele, hata sehemu iliyobaki nzima isitoshe tena kuubeba mzigo ule ule wa kila siku. Hapo huvunjika ghafula. Kwa hiyo miaka mingi ya kusimama yaweza kuwa ndiyo miaka ya ufa kusafiri.

Ulimwengu ulifundishwa jambo hili kwa machozi. Tarehe 8 Mei 1842, katika nchi ya Ufaransa, gari moshi lililokuwa likirudi Paris kutoka Versailles lilivunjika ekseli ya injini yake, yaani kile chuma kiunganishacho magurudumu mawili. Mabehewa yalipandana, moto ukawaka, na watu zaidi ya hamsini wakafa, maana milango ilikuwa imefungwa kwa nje kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Ekseli ile haikupakiwa mzigo wa ajabu siku ile. Ilikuwa imechoka, wala hakuna aliyeiuliza hali yake.

Baadaye wenye reli wakaweka watu wa kupita kando ya magari na nyundo yenye mpini mrefu, wakigonga gurudumu moja moja na kusikiliza, sawasawa na mama yetu na chungu chake. Katika karakana zao ikapatikana njia nyingine, nami naipenda kuliko zote kwa sababu vifaa vyake karibu vyote vimo madukani mwetu. Walisafisha ekseli vizuri, wakaiweka katika mafuta mazito yaliyochanganywa na mafuta ya taa, wakaiacha humo mpaka mafuta yapenye. Kisha waliitoa, wakaifuta ikawa kavu, wakaipaka maji ya chokaa nyeupe. Chokaa ilipokauka, waliigonga ekseli kwa nyundo. Kama palikuwa na ufa, hata mwembamba kuliko unywele, mafuta yaliyojificha ndani yake yalitoka, na juu ya weupe ule ukatokea mstari mweusi. Chuma kilikuwa kimeandika ugonjwa wake kwa mkono wake mwenyewe. Hata leo mafundi wa ndege hufanya kazi kwa njia iliyozaliwa na hiyo, ila badala ya mafuta ya taa hutumia rangi inayopenya, na nyingine hung'aa chini ya taa maalumu.

Zana nyingine nitazipitia upesi. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei, na kama vile inavyopita nyamani na kuonyesha mfupa uliovunjika, ndivyo inavyopita katika chuma na kuonyesha povu au tundu lililobaki ndani ya kiungo cha kuchomelea. Iko njia ya sumaku: chuma hutiwa nguvu ya sumaku, kisha hunyunyiziwa unga mwembamba wa chuma, na unga huo hukusanyika penye ufa. Iko na njia ya sauti, nayo ndiyo yenye kazi nyingi siku hizi. Mtu akipiga kelele mbele ya jabali, sauti humrudia. Akihesabu muda, aweza kujua jabali li mbali kiasi gani. Chombo kidogo huwekwa juu ya chuma, kikatuma sauti ya juu mno ambayo sikio la mtu halisikii. Sauti hiyo hukimbia ndani ya chuma karibu kilomita 6 kwa sekunde, ikafika upande wa pili na kurudi. Ikirudi kabla ya wakati wake, imekutana na kitu njiani. Hicho kitu ndicho tunachokitafuta.

Sasa niwape habari ya daraja moja la Marekani, maana sijaona habari inayolijibu neno lile la "limesimama" vizuri kuliko hiyo. Mwaka 1928 lilijengwa daraja juu ya mto Ohio, kati ya mji wa Point Pleasant katika jimbo la West Virginia na upande wa pili wa Ohio. Watu waliliita Silver Bridge, kwa rangi yake ya fedha. Halikuning'inizwa kwa kamba za chuma zilizosokotwa kama madaraja mengine, bali kwa mnyororo wa vyuma virefu vyenye matundu mwishoni, viwili viwili katika kila kiungo. Maana yake ni kwamba kimoja kikikatika, mwenziwe hawezi kuubeba mzigo peke yake. Daraja lilisimama miaka 39. Malori yaliongezeka na kuwa mazito kuliko yale ya 1928, nalo likasimama. Bila shaka walikuwako wazee walioshuhudia likifunguliwa wangali vijana, ambao wangaliapa kwamba ni imara kuliko mlima.

Tarehe 15 Desemba 1967, jioni, watu wakitoka kazini na wengine wakitoka kununua vitu vya Krismasi, daraja lote likaanguka mtoni. Watu 46 wakafa. Wachunguzi walipokusanya vyuma kutoka majini na kuvipanga tena, walikuta chuma kimoja kilichokatika penye tundu lake, na chanzo kilikuwa ufa wenye kina cha milimita mbili na nusu hivi. Msomaji na apime katika rula ya mtoto wake aone ni kiasi gani. Ufa huo ulikuwa ndani ya kiungo, mahali ambapo jicho halifiki, na kwa vyombo vya siku zile usingeonekana pasipo kukifungua kiungo chenyewe.

Mpinzani wangu atarukia hapo na kusema, "Basi kama usingeonekana, kupima kungefaa nini?" Ni swali la haki, nami nalijibu. Kungefaa kwanza kujua kwamba pale ni mahali pasipoonekana, na kwamba uhai wa watu wote umetundikwa juu ya mahali pasipoonekana. Mtu akishajua hivyo ataweza kuchagua: kupunguza mzigo, kutafuta njia ya kuona, au kulifunga daraja. Nao Wamarekani wakafanya hivyo. Juu kidogo ya mto ule, penye mji wa St. Marys, palikuwa na daraja jingine la namna ile ile, ndugu yake pacha, nalo lilikuwa bado limesimama. Hawakusema, "Mbona hili limesimama?" Walilifunga, na mwaka 1971 wakalibomoa. Sheria ya mwaka 1968 ikaagiza ukaguzi wa madaraja uwekewe kanuni moja kwa nchi nzima. Ningetamani kila mwenyekiti wa kamati ya ujenzi katika nchi zetu aisikie habari ya daraja la St. Marys, lililobomolewa likiwa limesimama.

Tuje nyumbani. Majengo yetu mengi hayajengwi kwa vyuma vitupu bali kwa zege na nondo, na zege mara nyingi haliangushwi na uchovu kama chuma, bali na maovu liliyozaliwa nayo. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka, likaua watu zaidi ya thelathini. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, nyumba ya kupangisha ya ghorofa sita iliwaangukia watu mtaani Huruma, Nairobi, wakafa watu wapatao hamsini. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka likaanguka Kariakoo asubuhi, wachuuzi na wanunuzi wakiwa ndani; waliokufa ni zaidi ya ishirini. Kila ajali ilikuwa na sababu zake, wala mimi si mchunguzi wa kuzihukumu. Lakini naomba tutazame jambo moja. Lile la Kariakoo halikuwa jengo jipya lisilo na historia. Lilikuwa na maduka, wateja na kodi ya kila mwezi. Lilikuwa limesimama.

Zege ni kitu chenye siri. Likishapigwa lipu na kupakwa rangi, zege jema na zege baya huvaa kanzu moja. Nondo zilizopunguzwa hazilii. Saruji iliyouzwa usiku na mlinzi haimwiti mwenyewe. Mchanga wenye chumvi huila nondo polepole kwa ndani, na kutu ikivimba hulipasua zege, lakini kabla ya hapo miaka hupita, nyumba ikisifiwa kwa uzuri wake. Wako wasemao kwamba hapana haja ya vyombo, kwa kuwa sheria yaagiza zege lipimwe wakati wa kujenga: fundi hujaza zege katika kisanduku cha chuma cha sentimita 15 kila upande, na siku ya 28 kipande kile hupelekwa maabara kikavunjwa kwa mashine ili ijulikane nguvu yake. Ni kazi njema, nami siipingi. Ila kipande kile si nguzo. Fundi mjanja hujua siku ya kutengeneza kipande cha kupimwa, na siku hiyo saruji haipungui. Nguzo yenyewe, ile itakayobeba watu, yabaki bila kuulizwa.

Na nguzo yaweza kuulizwa. Kuna chombo kinachopitishwa juu ya ukuta, kikatambua kwa nguvu ya umeme na sumaku nondo ziko wapi na zimefunikwa kwa zege la unene gani; mara nyingi hesabu ya nondo ikilinganishwa na ramani, ukweli hutoka bila kubomoa hata kipande cha lipu. Kuna nyundo yenye kamani ndani yake, iliyobuniwa na Mswisi Ernst Schmidt, inayopigwa juu ya zege na kuonyesha kwa namba jinsi ilivyorudi. Zege gumu huirudisha kwa nguvu, zege laini huimeza. Kuna na sauti, inayotumwa upande mmoja wa nguzo na kupokewa upande wa pili. Katika zege jema hupita kilomita 4 na zaidi kwa sekunde. Ikishuka chini ya kilomita 3, wajuzi huanza kutikisa vichwa, maana yake ndani mna uwazi, au nyufa, au zege dhaifu.

Sitaki kuwadanganya watu kwamba vyombo hivi ni malaika. Nyundo ile huisikia ngozi ya zege tu, si tumbo lake, na zege lenye maji hujibu tofauti na zege kavu. Mjuzi wa kweli hutumia njia mbili au tatu pamoja, na akipata shaka hutoboa kipande chembamba cha nguzo akakivunje maabara, kisha shimo likazibwa. Anayekuja na nyundo moja, akagonga mara tatu mlangoni na kuandika cheti, huyo ni mwuza karatasi.

Nimewahi kuketi katika kamati ya ujenzi ya shule moja ambayo sitaitaja. Jengo la ghorofa moja lilikuwa limekwisha, limepakwa rangi ya samawati, na siku ya kufungua ilikuwa imepangwa. Mwanakamati mmoja, mama mkulima ambaye hakuwa na elimu kubwa, aliuliza kama nguzo zimepimwa, maana aliona mstari mwembamba juu ya dirisha. Mzee mmoja wa heshima akasimama akamjibu, "Mama, huyu fundi ni mtoto wetu. Kumpimia kazi yake ni kumtukana." Wengi wakaitikia. Kisha mweka hazina akaongeza kwamba fedha za kupima hazipo. Nikafungua hesabu iliyokuwa mezani. Palikuwa na fedha za ng'ombe wawili wa karamu, za mahema na viti, na za jiwe la kuandikwa jina la mgeni wa heshima. Jengo lile likafunguliwa, nalo limesimama hata leo. Naitaja habari hii kwa sababu limesimama, ili asije mtu akasema nawatisha wasomaji kwa mifano ya maanguko peke yake. Watoto hupanda ngazi zake kila asubuhi, wala hakuna mtu duniani, si fundi, si mwalimu, si mkaguzi, anayejua kama nguzo zake ni nzima. Hilo tu lanitosha kulalamika.

Tutazame lile neno la tusi. Mama hamtukani mfinyanzi akikigonga chungu. Mfinyanzi hodari humsogezea vyungu vyote avigonge, kwa kuwa mlio ndio sifa yake. Anayekasirika ni yule anayejua la kwake. Na lile neno la fedha je? Kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani karibu na Tanga, pamebuniwa njia ya bomba la mafuta ghafi yenye urefu wa kilomita 1,443. Katika kazi za namna hiyo ulimwenguni kote, viungo vya kuchomelea hupimwa kwa mionzi au kwa sauti kabla bomba halijafukiwa, wala hakuna mwenye mali anayesema kwamba kupima ni ghali. Hujua kwamba kiungo kimoja kikivuja kitamgharimu zaidi. Basi mafuta hupimiwa njia yapitayo, na mtoto hapimiwi dari analoketi chini yake. Anayeweza kunieleza haki ya jambo hilo, na aniandikie katika gazeti hili hili, nitamsoma kwa makini.

Lakini kupima peke yake hakutoshi, na hapa nina ugomvi na upande wa pili, yaani wataalamu na wakubwa wao. Tarehe 17 Oktoba 2000 gari moshi lililotoka London kwenda Leeds lilipita Hatfield kwa mwendo wa kilomita 185 kwa saa. Reli ikapasuka chini yake vipande zaidi ya mia tatu, watu wanne wakafa na zaidi ya sabini wakaumia. Nyufa zile zilikuwa zikijulikana! Wakaguzi walikuwa wameziona, reli mpya ilikuwa imekwisha kuletwa, nayo ililala kando ya njia kwa miezi ikingoja siku ya kufungwa. Magari yakapita karibu na dawa, juu ya ugonjwa. Hata ile nyumba ya Huruma, iliripotiwa kwamba ilikuwa imekwisha kutiwa alama ya kubomolewa kabla haijaanguka, na wapangaji wangali ndani wakilipa kodi. Kipimo kilichofungwa katika faili hakimwokoi mtu yeyote. Tena humzidishia lawama aliyekifunga.

Kadhalika mpimaji ni mtu, na mtu huchoka kama chuma. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya Marekani iliyotoka Denver kwenda Chicago ilivunjika sahani kubwa ya titani inayoshika mapanga ya injini ya nyuma. Vipande vilikata mabomba ya kuongozea ndege, nayo ikaanguka uwanjani Sioux City. Kati ya watu 296 waliokuwamo, 112 walikufa. Sahani ile ilikuwa imepimwa kwa rangi inayopenya, kama nilivyoieleza ekseli, na wachunguzi wa serikali walisema kwamba katika ukaguzi wa mwisho ufa ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa wa kutosha kuonekana. Haukuonekana. Mtu alisimama mbele yake, mwenye taa na elimu yake, akapita. Wachunguzi hawakusema, "Basi kupima ni bure." Walitaka wakaguzi wasaidiwe: mwanga mwema, njia bora ya kukigeuza kitu pande zote, na macho ya pili juu ya kitu kikubwa namna ile. Kwa sababu hiyo wapimaji wa kweli duniani hufundishwa na kutahiniwa kwa madaraja matatu, nao hupimwa macho yao kabla ya kupima vyuma vya wenzao.

Wala tusidanganywe kwamba watu hao hawako kwetu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limesaidia kwa miaka mingi kuwafundisha Waafrika kazi hii. Dar es Salaam liko shirika la utafiti wa viwanda liitwalo TIRDO, na Nairobi liko Shirika la Viwango la Kenya. Yote mawili ni mashirika ya umma, na barua yaweza kuandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika. Baada ya ajali ya Kariakoo serikali iliunda tume ya kuyakagua majengo ya pale, nasi tulisifu. Tume ya baada ya mazishi ni bora kuliko kutokuwa na tume, lakini shule zetu za vijijini zilizopandishwa ghorofa, nyumba za ibada zenye roshani za wanakwaya, mabweni, matangi ya maji yaliyoinuliwa juu ya miguu ya zege, hakuna tume itakayoyafikia yote. Yatafikiwa na wenye nayo.

Kwa hiyo nawataka wanakamati wote wanaosoma gazeti hili walete maneno mawili katika mkutano wao ujao, na yaandikwe katika kumbukumbu. La kwanza, kwamba fedha za kupima ziwekwe katika hesabu ya ujenzi tangu siku ya kwanza, kabla ya fedha za karamu na za jiwe la jina, na kwamba mpimaji asiwe mtu wa fundi wala asilipwe kwa mkono wa fundi. La pili, kwamba majibu yasipelekwe ofisini kwa mwenyekiti peke yake. Na yasomwe kwa Kiswahili mbele ya wazazi wote, namba kwa namba, hata kama ni mabaya, hata kama mgeni wa heshima amekwisha kualikwa; kisha karatasi ile ibandikwe ukutani penye mlango wa jengo, kwa kimo ambacho mtoto wa darasa la nne aweza kuisoma.